Kitabu cha rubani kwa wasomaji wenzako

Moshi

Rafiki yangu,

Salamu kutoka Moshi. Natumaini nyote hapo nyumbani hamjambo.

Uliuliza kitabu gani msome na wenzako huko Arusha mkimaliza riwaya mliyonayo. Chukueni West with the Night, kumbukumbu za Beryl Markham, mwanamke wa Kiingereza aliyekulia Kenya, akafundisha farasi wa mbio kisha akawa rubani. Kilitoka 1942, kikasahaulika, kikachapwa tena 1983. Kiingereza chake kinataka utulivu, lakini kinalipa.

Msikimbilie sura ya safari yake ya kuvuka Atlantiki. Anzeni sura ya 1 hadi ya 4: anaruka usiku kutoka Nairobi kupeleka mtungi wa oksijeni kwa mgonjwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Nungwe, Tanganyika, kisha anamtafuta rubani aliyepotea Serengeti. Ndege ni Avro Avian, rubani anakaa wazi kwenye upepo, redio hana. Anategemea dira, saa na kasi. Hapo simameni kidogo: upepo wa ubavuni ukiisukuma ndege, dira haisemi kitu, pua bado inaelekea kulekule, na gizani hakuna mlima wala mto wa kukusahihisha. Bila mioto ya kuonyesha kiwanja, rubani anaweza kukipita asijue.

Sura ya 16, ya kutafuta tembo kwa ndege, ni nzuri sana. Sura za farasi someni kila mtu kwake.

Sasa sura ya 23, ya Septemba 1936. Anaondoka Abingdon, Uingereza, peke yake kwa ndege ndogo, Vega Gull, iliyofungwa matangi ya ziada ya mafuta ndani. Percival, mtengenezaji wa ndege, amemwelekeza aache tangi moja likauke kabisa ndipo afungue linalofuata. Injini huenda ikazimika, itawaka tena. Inazimika kweli, usiku, juu ya bahari. Mkono unataka kuvuta usukani ili pua iinuke, yeye anausukuma mbele. Ndiyo sahihi: bila injini, ukiinua pua kasi inakufa, mabawa yanaacha kubeba, ndege inaporomoka. Ukiishusha unapoteza kimo lakini unabaki na kasi, ukipata nafasi ya kufungua koki ya tangi linalofuata. Ukurasa huo usomwe kwa sauti, polepole.

Mwishoni barafu inaziba njia ya hewa ya tangi la mwisho. Ni kama dumu lenye tundu moja: hewa isipoingia, mafuta hayatoki vizuri. Injini inakosa mafuta ilhali tangi halijaisha, naye anaangukia kwenye tope la Nova Scotia, Kanada, baada ya saa zaidi ya 20. Alikusudia New York.

Waambie wenzako mapema mambo mawili. Anawatazama Waafrika kwa macho ya walowezi wa enzi zile, na hilo lizungumzwe bila kuoneana haya. Mwangalieni hasa arap Ruta, rafiki wa utotoni anayerudi katika sura ya 12 kama mfanyakazi wake. Pili, ndoa zake hazitaji kabisa. Wapo pia wanaosema mumewe wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika. Mimi siamini, mkono ule kwenye usukani ni wa mtu aliyerusha ndege.

Mkiwa na nakala moja tu, pigeni kopi sura ya 1 na ya 23 kwa mkutano wa kwanza, kitabu kizunguke baadaye. Niandikie mmepanga siku gani.

Wasalimie wote,
Rafikiyo