Hatuombi vifaranga, tunaomba banda lenye joto

Kamwene! Bwana Yesu asifiwe.

Tunawaandikia ninyi watoto wa Mufindi mlioko Mafinga mjini, Iringa, Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko, ambao kila mkija Krismasi mnachinjiwa jogoo na kufungashiwa mayai. Sisi akina mama wa mtaa huu wa usharika tuna harambee Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, baada ya ibada.

Mwaka jana tulichanga, tukanunua vifaranga 200 wa siku moja. Walifika kwa basi jioni, mwezi wa sita, ukungu umetanda hata ng'ambo ya barabara huoni. Tukawaweka kwenye stoo ya mwenzetu, tukawasha jiko la mkaa, tukaziba madirisha kwa viroba. Usiku jiko likazima. Asubuhi tuliwakuta wamerundikana kona moja, wa juu wanalia, wa chini wamekuwa bapa kama chapati. Waliosalia tukawaongezea mkaa bila tundu la hewa, moshi ukamalizia kazi. Wakabaki 37. Kosa lilikuwa letu. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa Juni huku kwetu hata 10 hazifiki.

Hao 37 walikua vizuri tu. Mwezi wa kumi mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri, ukapita: wakasinzia, wakaharisha kijani, shingo zikapinda. Ikabaki mitetea minne.

Mdondo hauna dawa, una chanjo. Ni tone moja la jicho, kila baada ya miezi mitatu, na bei yake si tatizo. Tatizo ni kwamba kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikishachanganywa hakikai, wakati nyumba moja ina kuku wanane. Kila mtu anamsubiri jirani anunue, basi hachanji mtu. Tena tunaambukizana wenyewe. Kuku akianza kusinzia tunamkimbiza gulioni. Hata jogoo wa sadaka tunayemnadi nje ya kanisa hutoka boma hili akaingia boma lile, na mdondo wake. (Wazee wa kanisa wamekubali: mnada utaendelea, ila kwa kuku waliochanjwa.)

Tunataka chumba kimoja cha kulelea cha pamoja, chenye dari ya mbao, matundu ya hewa juu na jiko lenye bomba la kutoa moshi nje. Vifaranga wakae humo mpaka waote manyoya, ndipo tugawane. Na friji ndogo ya chanjo, ili kijiji kizima kichanje siku moja. Chakula hakitutishi, mahindi na alizeti tunalima. Maranda ya kutandika tunazoa bure kwenye viwanda vya mbao.

Matofali tumeshafyatua na kuchoma wenyewe. Mafundi wawili wa usharika watajenga kwa ugali tu. Kinachotushinda ni bati, saruji, bomba na friji, jumla shilingi 2,600,000. Tumeshatoa 640,000, nyingi zikiwa za mayai. Bado 1,960,000.

Usiye na pesa, leta bati moja, au mfuko wa saruji uliobaki kwenye ujenzi wako. Mweka hazina wa mtaa anapokea na kutoa stakabadhi, na matumizi yatasomwa kanisani. Vifaranga tutanunua wenyewe, mwezi wa kumi na moja, baridi ikishapungua.