La ricotta haikumdhihaki Kristo

Mhariri,

Katika toleo lenu la Pasaka mlichapa makala kuhusu filamu zinazosimulia upya visa vya Biblia. Mwandishi alipofika kwa Pier Paolo Pasolini, mwongozaji filamu wa Italia, aliitaja La ricotta kwa sentensi moja: filamu fupi ya 1963 iliyodhihaki mateso ya Yesu, hata mwenyewe akahukumiwa. Kuhukumiwa, alihukumiwa kweli. Lakini msomaji ambaye hajaiona filamu hiyo amebaki na maneno ya upande wa mashtaka peke yake, na jambo hilo limeniuma.

Ni filamu ya dakika 35 hivi, kazi ya tatu ya Pasolini baada ya Accattone na Mamma Roma. Nje kidogo ya Roma, kikosi cha filamu kinapiga picha za mateso ya Yesu. Mwongozaji wao, anayeigizwa na Orson Welles, mwigizaji na mwongozaji maarufu wa Marekani, amekaa kitini. Kati ya vibarua wa kuigiza yumo maskini mmoja aitwaye Stracci, jina ambalo kwa Kiitaliano ni matambara. Amepewa nafasi ya yule mhalifu aliyetubu, aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Ana njaa. Mgao wake wa chakula cha mchana anawapa mkewe na watoto. Anajivika nguo za kike ili apewe mgao wa pili, anauficha pangoni, na mbwa wa mwigizaji nyota anaula. Analia. Kisha anamuuza mbwa huyo kwa mwandishi wa habari, anakimbia kununua jibini laini, hiyo ricotta yenyewe, na kabla hajala anaitwa akafungwe msalabani. Akifunguliwa anarudi pangoni, anakula kwa pupa, na wenzake wanamzunguka wakicheka na kumtupia vyakula vilivyopamba meza ya Karamu ya Mwisho. Anapandishwa tena msalabani mbele ya wageni waliokuja kutazama. Zamu yake ya kusema inafika. Yanasubiriwa maneno ya Luka 23, "nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Hasemi. Amekwisha kufa.

Sasa naomba mwandishi wenu anionyeshe anayedhihakiwa hapo ni nani. Picha za fahari ambazo kikosi kile kinapiga, Yesu akiteremshwa msalabani, zimepangwa kwa kufuata michoro ya Rosso Fiorentino na Pontormo, wachoraji wa Italia wa karne ya 16. Hizo zina rangi za kupendeza macho, na waigizaji wanafokewa wasitikisike. Njaa ya Stracci imepigwa kwa nyeusi na nyeupe. Macho ya wote yako kwenye rangi, na mhalifu aliyeahidiwa pepo anakufa umbali wa hatua chache.

Mimi nilikuwa katekista, na kwa miaka mingi nilisimamia igizo la Ijumaa Kuu parokiani kwetu. Mwaka mmoja kijana aliyeigiza mhalifu wa kuume alizimia tukiwa katikati ya igizo. Watu walidhani anaigiza, akina mama wakazidi kulia. Ijumaa Kuu ni siku ya mfungo, kwa hiyo hata mimi nilipoona midomo yake imekauka tangu asubuhi sikushtuka. Baadaye ndipo tulipojua kwamba kwao hapakuwa na chakula tangu Jumatano. Tulikuwa tumechanga fedha za nguo mpya za askari wa Kirumi na rangi ya kufanya damu, na hatukuwa tumemuuliza kama amekula. Tulimpa uji, akanywa ameinamisha kichwa. Nilipoiona La ricotta miaka mingi baadaye, niliizima pale Stracci anapofungwa msalabani na sikuweza kuiendeleza mpaka siku ya pili.

Kuhusu kesi. Mwanzoni kabisa mwa filamu Pasolini anatamka kwamba kwake hakuna tukio kubwa kuliko Mateso ya Yesu, wala maandiko matukufu kuliko yale yanayoyasimulia. Hata hivyo Machi 1963 filamu ilikamatwa, naye akashtakiwa kwa kuitukana dini ya taifa, maana wakati huo Ukatoliki ulikuwa dini ya taifa kwa sheria za Italia. Akapewa kifungo cha miezi minne, kilichoahirishwa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ya Roma ikamwondolea hatia. Hilo la rufaa makala yenu haikulitaja, na si jambo dogo kuliacha.

Halikutajwa pia lililofuata. Mwaka huohuo wa 1964 mtu huyu, mfuasi wa Marx asiyedai kuwa na imani, alitoa filamu ya Injili ya Mathayo na kuitabaruku kwa kumbukumbu ya Papa Yohane XXIII. Mariamu wa uzeeni, anayelia chini ya msalaba, ni mama yake mzazi Pasolini. Huko Venice shirika la Kikatoliki la filamu liliipa tuzo. Na sisi wa huku tuna sikio letu ndani yake: utasikia Gloria ya Missa Luba, misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mahadhi ya Kiluba na kwaya ya Kamina, Katanga, nchini Kongo, chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen. Ngoma zile zinapolia, nywele zinanisimama kila mara.

Naamini asingeweza kuifikia Injili ile bila kupitia kwa Stracci kwanza. Ndiyo maana inanisikitisha filamu hii fupi ikitupwa kwenye kapu la kashfa, vijana wetu wa parokia wakaonywa wasiiguse. Wakati wa Kwaresima ningependa waitazame pamoja na viongozi wao, kisha waisome Luka 23.

Nawaomba mchape kwamba hatia ile iliondolewa. Na mwandishi wenu, kama hakuiona filamu yote, aitazame hadi pale wanapomwita Stracci aseme maneno yake na hakuna sauti inayojibu.

Katekista mstaafu,
Moshi