Fremu ya Kaboni: Usiulize Umri, Uliza Ilikogongwa

Wateja wengi wanaotuletea baiskeli ya kaboni iliyokwishatumika hutaka kujua jambo moja: fremu hii ina miaka mingapi, na je, bado inafaa kupandwa? Sisi huanzia kwingine. Imewahi kuanguka? Iliangukia upande gani, na ilijigonga kwenye nini?

Fremu ya namna hii ni matabaka ya nyuzi nyembamba za kaboni, yaliyolazwa kwa pembe mbalimbali na kushikanishwa kwa gundi ya epoksi inayokomazwa kwa joto. Nyuzi hubeba mzigo, gundi huzizuia zisihame. Alumini, kwa tabia yake, huchoka: kila ukikanyaga pedali na kila gurudumu likiingia shimoni, uchovu unajilimbikiza, hata siku moja ufa ujitokeze kwenye weldi ya baiskeli ambayo haijawahi kuanguka. Kaboni iliyotengenezwa vizuri huustahimili mtikisiko huo wa kila siku kuliko alumini. Ndege ya Boeing 787 ina takriban nusu ya uzito wake katika nyenzo za jamii hii, na hairuki safari moja ikastaafu. Kwa hiyo fremu ya miaka 15 iliyotunzwa inaweza kuwa salama kuliko ya mwaka jana iliyoangukiwa na pikipiki.

Tatizo la kaboni ni kipigo. Mtengenezaji hupanga nyuzi zikabili nguvu anazozitarajia: uzito wa mpandaji, msukumo wa miguu, mtikisiko wa barabara. Ncha ya jiwe inayogonga paipu ubavuni haimo katika hesabu hiyo. Chuma kikipigwa hivyo hubonyea, nawe unaona. Kaboni haibonyei, inaweza kurudi ilivyokuwa huku matabaka yameachana kwa ndani, na juu ya rangi kumebaki mkwaruzo tu. Kipigo tunachokiona mara kwa mara hata hakitoki barabarani: baiskeli imeegemezwa ukutani, ikateleza, usukani ukazunguka na kugonga paipu ya juu.

Nyumbani unaweza kuanza uchunguzi mwenyewe. Osha fremu, ikauke, kisha iangalie kwenye mwanga wa jua kwa pembe ya mshazari. Ukishuku mahali, gonga polepole kwa ukingo wa sarafu ukielekea hapo. Palipo pazima hutoa mlio mkavu. Palipoachana hutoa sauti nzito, kama unagonga kadibodi. Lakini unene wa paipu hubadilika kadiri unavyokaribia maungio, na sauti nayo hubadilika bila kasoro yoyote, kwa hiyo linganisha daima na sehemu ileile ya upande wa pili. Sarafu ikitutia shaka, sisi huingiza kamera ndogo ndani ya paipu au kupima kwa mawimbi ya sauti.

Kuna pia majeraha ya karakana, na haya yanatuudhi zaidi kwa sababu yanazuilika. Bolti ya kubana bomba la kiti (lile linaloingia ndani ya fremu na kubeba kiti) au usukani mara nyingi huandikwa 5 Nm, yaani nyutoni-mita 5, kipimo cha nguvu ya kukaza. Mkono uliozoea baiskeli za chuma hupita hapo bila kujua. Tumia spana yenye kipimo cha nguvu, na upake ule mchanganyiko wenye chembechembe uliotengenezwa kwa ajili ya kaboni, ili bomba lishike bila kubanwa kupita kiasi. Usiibane paipu ya juu kwenye stendi ya fundi. Bana bomba la kiti. Bomba la kiti la alumini ndani ya fremu ya kaboni nalo litolewe na kusafishwa mara kwa mara, maana jasho na maji vikiingia hapo alumini hupata kutu, na bomba linaweza kuganda lisitoke.

Wanaodhani chuma au alumini ndiyo kinga wakumbuke mbio za baiskeli za Paris-Roubaix, Ufaransa, za mwaka 2006. Bomba la foku (uma wa mbele unaoshika gurudumu) linalopanda hadi kwenye usukani lilikatika, mwendeshaji Mmarekani George Hincapie akabaki ameshika usukani usioongoza kitu, akaanguka. Bomba lile lilikuwa la alumini, na alikuwa ameshaanguka mapema katika mbio zilezile.

Paipu ya fremu iliyopasuka hutengenezeka. Tunasaga sehemu iliyoharibika kwa mteremko mrefu hadi tufike kwenye nyuzi nzima, tunalaza matabaka mapya kwa kufuata mwelekeo wa yale ya zamani, tunayabana na kuyakomaza kwa joto, kisha tunapima upya. Uzito huongezeka kidogo sana. Kubandika kitambaa cha kaboni juu ya ufa na kupaka rangi si matengenezo, hata kama kunapendeza machoni, na tumeshalazimika kukwangua kazi nyingi za namna hiyo.

Foku, usukani na bomba la kiti hatuzitengenezi. Zikiwa na ufa, nunua mpya. Zikikatika hazikupi onyo wala nafasi ya kufunga breki. Na ukituletea fremu baada ya ajali, ilete bila kuibandika chochote, pamoja na foku yake hata kama inaonekana nzima, na utuelezee ulivyoanguka. Maelezo hayo hutuonyesha pa kuanzia kugonga.