Rangi wanazijua

Ndugu Mhariri,

Nimefundisha shule za msingi za huku Bagamoyo miaka thelathini na moja. Sasa nimestaafu, na chumba changu cha uani hulala wageni wa kujitolea, vijana wa ng'ambo wanaokuja kufundisha shuleni kila msimu. Nasema haya nikiwa mtu aliyewapikia wali wa nazi na kuwauguza wakiugua tumbo, kwa hiyo wasinihesabu adui.

Msimu wao ni Juni hadi Agosti, kwao likizo. Tatizo ni kwamba Juni na sisi tunafunga shule. Mwaka mmoja kikundi kilifika katikati ya likizo yetu, safari imeshalipiwa, haiahirishwi. Basi watoto wakaitwa, wengine wameshapelekwa kwa bibi zao vijijini, wavae sare waje wafundishwe ili wageni wasikose kazi. Mwalimu mkuu naye aliambiwa tu kwamba wageni wanaingia Jumatatu.

Hilo nililimeza. Lililonishikisha kalamu ni la mjukuu wangu wa darasa la nne. Juzi nilimsikia anaimba rangi kwa Kiingereza, moja baada ya nyingine, bila kupumua. Nikamuuliza kafundishwa na nani. Akaanza kuhesabu kwa vidole: yule wa gitaa, yule mrefu, wale dada wawili waliokuja pamoja, yule aliyelia siku ya kuondoka... Wakafika saba. Wote saba walianzia kwenye rangi, maana hakuna aliyewaambia mwenzao aliyetangulia aliishia wapi. Na wote walipanda basi kurudi Dar es Salaam kabla ya kufika kwenye sentensi. Mtoto anazo rangi zote, ila ukimwambia aseme kwa Kiingereza kwamba kaka yake amenunua shati la kijani, anakutolea macho. Huyu ndiye akifika kidato cha kwanza atakuta karibu masomo yote ni ya Kiingereza.

Mwalimu wa Kitanzania haingii darasani mikono mitupu. Ana azimio la kazi, ana andalio la somo, na mthibiti ubora akimkuta hana, atajieleza. Akihamishwa, anamkabidhi mwenzake: tumefika hapa, fulani hasikii vizuri akae mbele, fulani hajui kusoma. Mgeni wa wiki mbili tumemsamehe yote hayo kwa sababu kaja na kalamu za rangi na mpira. Kosa hilo ni letu kuliko lake. Kijana wa miaka kumi na tisa atajuaje kama hakuna aliyemwambia?

Wapo wanaokaa. Serikali ya Ujerumani ina mpango wa kupeleka vijana kujitolea nchi za nje, uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008, na vijana wake wengi hukaa mwaka mzima hivi. Nililaza mmoja wao; mwezi wake wa tano huku alikuwa anagombana bei ya dagaa sokoni kwa Kiswahili, na watoto walimsikiliza darasani kwa sababu alikuwa anawajua kwa majina. Tangu 2013 mpango huohuo huwapeleka na vijana wa nchi kama yetu kule. Mtoto wa jirani yangu alikwenda. Kule hakuna aliyemkabidhi darasa. Walimpeleka nyumba ya wazee, wakamweka chini ya mtu mzima wa kazi, na miezi ya mwanzo alifuta meza na kusukuma viti vya magurudumu huku akijifunza lugha. Hakuona amedharauliwa. Sasa mbona wa kwao akija huku siku ya pili anapewa chaki na watoto tisini?

Vituo vya kulelea watoto sitavigusa sana, vinataka barua yake. Niseme tu kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivyo viwe na leseni, na mgeni ana haki ya kuuliza kabla hajabeba mtoto wa mtu na kupiga naye picha. Wengi wa watoto wale wana mzazi au ndugu aliye hai.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na wanaoleta wageni ni dogo, halina hata bajeti. Kila darasa linalopokea mtu wa kujitolea liwe na daftari la makabidhiano, likae kwa mwalimu wa darasa, na mgeni asiingie kabla hajalisoma wala asiondoke kabla hajaliandika. Na waje Julai, shule zikifunguliwa.

Mimi nimeshanunua kaunta buku, liko juu ya meza ya chumba cha uani. Ukurasa wa kwanza nimeuandika mwenyewe: "Rangi wanazijua. Anzia kwenye sentensi."

Bibi Mwalimu (mstaafu),
Magomeni, Bagamoyo