Kabla hujaenda kupimwa, mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia hujambo. Kipimo cha afya cha madereva cha wiki ijayo hakinitishi, hata kama una kisukari. Kilichonikosesha usingizi ni ushauri wa madereva wenzako: shinda na njaa tangu siku ya kuamkia kipimo, kunywa maji mengi ili mkojo uonekane safi, upite, kisha urudi kwenye lori.

Hila hiyo haifiki mbali. Sukari huanza kuonekana kwenye mkojo pale ya kwenye damu inapopita takriban milimoli 10 kwa lita, figo zinapozidiwa. Kwa hiyo mkojo unaweza kuwa safi na sukari yako bado ikawa mbaya. Mpimaji akitia shaka ataagiza HbA1c, kipimo cha damu ambacho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Njaa ya siku moja haikigusi hata kidogo.

Halafu, na hapa ndipo ninapokasirika, hao wenzako hawajui unameza nini. Dawa ya metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ni habari nyingine, na wewe unazo zote mbili. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, sukari inaweza kuporomoka chini ya milimoli 4 ukiwa kwenye usukani. Utatokwa jasho, mikono itatetemeka, njaa itakubana, kisha akili itaanza kuvurugika, na mtu aliyevurugika hajijui. Sukari iliyopanda humla mtu miaka na miaka. Iliyoshuka yaweza kukumaliza wewe na walio mbele yako barabarani kwa dakika chache, na daktari wa madereva anaiogopa hiyo kuliko namba kubwa kwenye karatasi.

Ukihisi dalili hizo, egesha pembeni, zima gari, chukua gramu 15 za glukosi, subiri robo saa, upime tena. Ikishapanda usikimbilie kuwasha. Uingereza huwataka madereva wangoje dakika 45 baada ya sukari kurejea sawa, maana ubongo huchelewa kupona kuliko damu. Tajiri mwenye mzigo akipiga simu, na apige.

Daktari wako wa kawaida mwone kabla ya hicho kipimo, si baada ya kuanguka. Chukua kumbukumbu za mashine yako ya kupimia na majina ya dawa zote, usiache hata moja. Zipo dawa kama empagliflozini zinazofanya kazi kwa kuitoa sukari kwenye mkojo, na anayezitumia mkojo wake hukutwa na sukari hata damu ikiwa nzuri. Mpimaji asiyeambiwa atadhani mambo yameharibika. Na hayo macho uliyosema yanaona ukungu, yaseme pia. Sukari ikiyumba, lenzi ya jicho nayo hubadilika, kwa hiyo usiharakie miwani mipya kabla haijatulia. Ganzi ya miguu vilevile usiifiche: mguu usiohisi kanyagio utajuaje umekanyaga breki kiasi gani?

Najua unachoogopa hasa ni insulini, kwamba ukianza tu leseni imekwenda. Zamani sehemu nyingi ilikuwa hivyo. Lakini hata Marekani, waliokuwa wakali sana, tangu mwishoni mwa 2018 dereva wa lori anayetumia insulini anaweza kupewa cheti bila kuomba ruhusa maalumu, mradi daktari anayemtibu athibitishe kuwa sukari imetulia, na awe na rekodi za vipimo vyake za miezi 3. Sheria ya huko unakoendesha iulize mwenyewe, kwa wahusika, si kwa wenzako wa maegeshoni.

Wakikusimamisha kwa muda, kaa nyumbani utibiwe. Ada ya watoto tutaipanga, hilo si la kukufanya ufiche ugonjwa. Mkeo naye mweleze dalili za sukari kushuka, na utingo wako pia. Huyo ndiye anayekaa karibu nawe kuliko sisi sote.

Majibu yakitoka nipigie siku hiyohiyo, unitajie namba zenyewe. Usiniambie tu "niko sawa, mama".

Mama yako