Asante mzee wa meza ya mwisho

Jamani nimtafute wapi yule mzee wa soko la vitu vya zamani pale Columbus Jumamosi, jina sikumuuliza, mimi mjinga kweli. Nimeshika kikaragosi cha mwanajeshi nikijua ni G.I. Joe, yule mwanasesere wa kampuni ya Hasbro, yeye akacheka, akakigeuza akanionyesha mgongoni jina la Lanard, kampuni nyingine ya vinyago, kumbe ni The Corps!, ile iliyoanza 1986 kushindana na Joe kwa bei chee. Joe wangu orijino kiuno kilikuwa kimekatika, kile kimpira cha ndani kimekauka, mzee akafungua skrubu ya mgongoni akaweka kipya, hela akakataa. Feki nikainunua pia, utotoni ndo nilizokuwa nazo mimi. Shukrani sana mzee wangu, Mungu akuweke.