TV zisiwacheke watoto wanaoimba

Mhariri, salamu kutoka Pasua, Moshi. Hivi vipindi vya kusaka vipaji mi navipenda sana, ila kuna kitu kinanikera, mtoto akichapia kidogo tu majaji wanamcheka halafu hicho kipande ndo kinarudiwa wiki nzima kama tangazo la sabuni, mpaka kwenye daladala watu wanamuigiza. Jamani! Mwimbaji Britney Spears alipanda Star Search, shindano la vipaji la TV kule Marekani, 1992 akiwa na miaka 10 na akatolewa, mwaka uliofuata Beyoncé na kundi lake nao wakashindwa palepale. Britney akaja kuchukuliwa kwenye kipindi cha watoto cha Disney pamoja na Justin Timberlake na Christina Aguilera, huko wanaimba, wanacheza, wanaigiza, yaani shule kabisa ile, na wimbo wake wa kwanza ukatoka 1998. Huku kwetu binti wa kwaya mwenye sauti ya kutoa watu machozi anapewa dakika moja, akitetemeka basi. Nyie wenye TV wekeni kipindi cha watoto Jumamosi asubuhi, wapigiwe gitaa laivu, na hao majaji wachekeshaji wapelekeni kwenye komedi.

Mama wa kwaya, Moshi